Usimtazame Mweupe

Hapa kisiwani kwetu Quenutil, hata mtoto anayejifunza kutembea anaijua sheria hii: mwezi wa kumi, ukimwona karanka, bata bukini wa pwani yetu, mweupe, amesimama peke yake juu ya mwamba, usimtazame. Huyo ni dume, na amesimama pale makusudi ili atazamwe. Mkewe yuko hatua hamsini pembeni, rangi yake rangi ya jiwe lililolowa, amelalia mayai yake, na unaweza kumkanyaga mgongo kabla hujamwona. Mabata bukini wengine majira yakigeuka huruka kufuata joto. Karanka hawaendi popote. Wawili wawili, mwamba uleule, mwaka baada ya mwaka, wanakula mwani maji yakitoka na kusubiri yakijaa. Mwani wanaokula wao ndio ninaokula mimi, kwa hiyo nawajua kama ninavyowajua majirani.

Jirani mmoja, Rosamel Cárcamo, alinifanyia vilevile kwa miezi minane, na mimi nikamtazama yeye tu.

Mkewe, Edelmira, alikuwa komadre wangu. Ndiye aliyempakata binti yangu siku ya ubatizo. Jikoni kwangu moto hauzimwi na benchi halikai tupu. Watu wanane, kumi, kibuyu kimoja cha chai chungu kinazunguka mkono kwa mkono, na habari za kisiwa kizima zinazunguka nacho. Edelmira alikaa karibu na sanduku la kuni. Sauti yake ndiyo iliyoongoza sala zetu misibani, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyotutoa machozi ya kicheko kabla jeneza halijatoka mlangoni. Mwezi wa pili akaacha kuja. Nikasema atakuja kesho. Nikasema hivyo wiki nzima.

Mwezi wa tatu ikawa minga yangu. Bahari ilikuwa inalila genge chini ya nyumba, na nyumba ikibidi kuhama, hapa tunaihamisha yenyewe, na paa lake na madirisha yake, juu ya magogo, ikivutwa na maksai wa majirani. Mimi napika, wao wanavuta. Halipwi mtu, na hakatai mtu. Rosamel, mwenye maksai wanne wenye nguvu kuliko wote, alikataa. Alisimama getini kwake na sweta lake jeupe alilofumiwa na Edelmira, akasema mmoja wa maksai ameoza kwato. Nikamuuliza komadre yuko wapi, mbona haji hata kunisaidia kumenya viazi. Akatazama baharini, akasema amepumzika.

Anayekataa minga hagombezwi. Hupitwa tu. Geti la mtu mwingine unapaza sauti, wa ndani hamjambo. Lake unalipita ukiongea na mwenzako kama vile hapakujengwa nyumba. Tulimpita hivyo masika yote na kipupwe chote.

Na kwa kuwa niliumia, nilisema neno. Siku moja mtu aliuliza Edelmira kapotelea wapi, nikajibu kwa mzaha kwamba ametoroka na mpiga mbizi wa vizimba vya samaki, yule mrefu mwenye jino la dhahabu. Watu wakacheka. Mwezi wa sita neno lile lilikuwa limeshaota miguu: kuna aliyemwona mjini Punta Arenas akinunua viatu vyekundu.

Basi mwezi wa kumi, bamvua imekupwa hadi mwisho, nilishuka kuchuma mwani chini ya nyumba ya Rosamel. Dume alikuwa mwambani. Akapiga mluzi wake mwembamba, akaanza kujivuta upande wa pili taratibu, nimfuate. Nikatazama asikotazama yeye. Jike alikuwa kwenye nyasi, ameinamisha shingo chini kabisa, jicho wazi, hapepesi. Nikaingiza mkono chini ya tumbo lake lenye joto nikachukua mayai mawili. Sheria ni mawili, na uondoke upesi, maana akiinuka tu shakwe walioko juu wameshayaona yaliyobaki.

Nilipoinua kichwa nikamwona Rosamel getini. Sweta jeupe, mikono mfukoni, ameipa nyumba yake mgongo, anatazama bahari isiyo na kitu.

Miguu ilianza kupanda kabla akili haijamaliza. Akashuka kunipokea njiani, yeye ambaye neno moja lilimtosha wiki, akaanza kunisimulia viazi, mvua, ndama aliyezaliwa na doa usoni, njoo bandani umwone. Akatangulia kuelekea bandani. Sikumfuata. Nikasikia nyuma yangu, "Komadre, nakuomba," lakini nilikuwa nimeshashika kitasa.

Edelmira alikuwa kitandani kando ya jiko. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeteremka kama mshumaa uliosogezwa karibu na moto, na mkono wa upande huo umelala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa hivyo toka mwezi wa pili. Boti ya wauguzi mwenyewe alikataa isiitwe, maana wauguzi wana midomo. Alinigeuzia upande mzima. Neno kutoka lilichukua muda.

"Nimetoroka na nani, Tila?"

Waliopita getini hawakumwamkia, lakini waliongea, na dirisha lilisikia.

"Na mpiga mbizi," nikasema. "Yule wa jino."

"Ananuka dizeli yule. Ungenitafutia mwingine."

Akacheka kwa nusu ya mdomo, udenda ukamtoka, akaupangusa kwa shuka, na kicheko kikaishia hapo. Kisha akaniambia anajifunza. Kila asubuhi anausalia ukuta rozari, na maneno yanarudi, moja moja. Krismasi atakuja kwangu kwa miguu yake.

"Wasinione hivi," akasema. "Wakiniona hivi, ndivyo nitakavyobaki."

Nilimwapia kwa jina la mtoto aliyempakata kwamba sitamwambia mtu. Nje Rosamel akaniambia hata yeye, akishampa sahani, humgeuzia mgongo. Macho ya mtu yakiwa juu yake chakula hakishuki.

Nilinyamaza siku nne. Maishani mwangu sijawahi kunyamazia kitu siku nne. Siku ya tano mvua iliwajaza watu jikoni, na Baldovino, mwenye boti ya abiria, amekaa palepale karibu na sanduku la kuni, akasimulia kwamba Edelmira ameonekana na tumbo, kwa umri ule, na mpiga mbizi ameshamkimbia. Wakacheka mpaka kibuyu kikamwagika.

Ningeweza kusema: uongo huo niliutunga mimi. Ingetosha. Wangenizomea wiki mbili, na Edelmira angebaki na ukuta wake na rozari yake. Niliogopa kuzomewa jikoni kwangu mwenyewe. Nikasema, "Edelmira yuko kitandani kwake, amepooza, hajaenda popote. Mwoneeni haya."

Kibuyu kikawekwa chini. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuinuka na kuvaa makoti.

Watu wetu ni wema, na hapo ndipo palipoharibika. Kesho yake kabla ya saa sita walishafika arobaini, wengine kwa boti zilizotia nanga pale pale mwambani, na jike wa karanka akainuka na shakwe wakamaliza kilichokuwepo. Walileta kuku, unga, mafuta ya nguruwe, asali. Wanaume wakapasua kuni za mwaka mzima. Wakamwomba Rosamel msamaha kwa kumpita. Rosamel alisimama getini akinitazama mimi, si wao, kisha akavua kofia na kusogea pembeni.

Waliingia wanne wanne. Wanawake walilia, wakamshika shavu lile lile, wakamwambia amependeza. Edelmira alitazama dari mpaka kundi la tatu, kisha akageukia ukutani. Hakusema tena neno, wala la rozari. Wakapangiana zamu kama za minga, asiachwe peke yake hata saa moja, na mtu alikuwepo daima wa kumshikia kijiko. Rosamel alijaribu kuwaeleza. Wakamwambia akapumzike, amebeba mengi peke yake. Supu ilikuwa inapoa, inaondolewa, inaletwa nyingine. Siku ya kumi na mbili alikufa, mchana, mbele ya watu saba.

Kazi ya komadre siku ya maziko ni kukaa kichwani pa jeneza na kumfunua uso marehemu, kila mtu amuage. Rosamel alikuwa amemfunika kwa kitambaa cheupe kisha akatoka nje, akakaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Foleni ilianzia kitini kwangu ikatoka hadi uani. Wakanisubiri. Mke wa Baldovino akaninong'oneza, "Mfunue, Tila, watu wamesimama."

Nikaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Hafunuliwi."

Akafikiri ni uchungu. Akanyoosha mkono ili anisaidie, nikaukandamiza ukingo wa kitambaa kwenye ubao, akaona ninavyomtazama, akaurudisha. Nyuma yake walianza kulalamika: hao ndio waliomlisha, hao ndio waliokesha naye, leo wanyimwe kuuona uso wake? Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mimi siku zote nataka mambo yawe yangu. 

Wakapita. Mmoja mmoja wakaaga kitambaa, wengine wakinipa jicho la pembeni. Mkono ukanifa ganzi, nikaweka wa pili kabla sijauondoa wa kwanza, na foleni ilikuwa bado inafika uani.