Kikohozi cha Usukani

Peugeot 504 ilipokata kushoto kuingia lupango, ua wa nyumba ya Mukalay, usukani ulikohoa mara mbili, kwa adabu, kama mgeni anayesimama nje ya ua akingoja kuitikiwa. Mado, mke wa Mukalay, alikuwa anasonga bukari. Akaitikia bila kugeuka: "Karibu, tata Badibanga."

Mukalay, aliyekuwa akiendesha, aliumia moyoni. Jirani yao Badibanga alikuwa stesheni ya Kolwezi na Wakasai wenzake waliofukuzwa Katanga, akingoja gari moshi la kuwapeleka Kasai, akilala na wanawe chini ya turubai. Kolwezi ndiko alikozaliwa. Alimwachia Mukalay ufunguo amchungie gari, na Mukalay akaamua kwamba amepewa. Miaka yote aliionea wivu 504 ile ikioshwa Jumamosi mbele ya watu. Alikionea wivu hata kile kikohozi cha Badibanga akibisha langoni, kilichomfanya Mado atabasamu. Sasa gari alikuwa nalo, na wivu haukuhama; ulipanda ukakaa kiti cha mbele.

Alilipeleka kwa fundi Ngeleka. Ngeleka aliuzungusha usukani injini ikiwa imezimwa: ukakohoa. Akaingia chini, akatikisa kiungo cha fimbo ya usukani, hakikulegea. Pete ya mpira inayoishika fimbo ilikuwa imelika, basi akachonga nyingine kutoka tairi kuukuu, akapaka grisi. Mwisho aliing'oa fimbo nzima na kuilaza mezani. Ikakoholea mezani.

Ngeleka alifuta mikono. "Chuma iko muzuri, tata. Ile haiko kelele ya chuma. Ni mutu anaomba kuingia. Wende umuulize mwenyewe."

Fimbo iliporudishwa, Mukalay aliendesha hadi stesheni. Badibanga, aliyekonda, aliacha mizigo yake, akaketi kwenye usukani, akaukata kushoto na kuusikiliza ukikohoa. Mikono yake ilikaa pale vizuri mno. Mukalay alitazama pembeni.

"Ni mi," Badibanga alisema. "Niko naomba kuingia kwetu. Umuitikie tu, atanyamaza."

Akashuka, akaufunga mlango kwa kuuinua kidogo, kwa sababu bila kuinuliwa haukushika. Mukalay alikuwa akiubamiza tangu siku aliyoachiwa ufunguo. Hata hilo alimwonea wivu. Alishukuru, akaondoka.

Kwenye lupango usukani ulikohoa. Mukalay aliitikia: "Karibu, tata Badibanga. Ingia."

Ukanyamaza. Mado alitoka, akafungua mlango wa upande wa pili, akangoja. Kiti kiliinuka kama kinavyoinuka mtu akitoka. Akampisha mgeni apite, kisha akamtazama mumewe.

"Na ye mwenyewe, kule stesheni, ulimuambia vile?"

Mukalay alishuka, akaubamiza mlango. Haukushika. Akauinua kidogo, ukashika.

"Motokari ilisha kupona," alisema, akaingia kula. Mado alikuwa ameweka sahani tatu, na minofu yote ilikuwa kwenye ile ya mgeni.