Neno la Pili la Mzee Nzioka

Ukitaka kumjua mtu aliyelelewa kwa Mzee Nzioka wa Kikima, mpe jibu uone kama ataondoka. Haondoki ng'o. Binti yake Mumbua siku hizi ana duka lake pale Malili, watoto wanne wakubwa, na bado mteja akisema nipimie kilo mbili za sukari, mkono wake husita kidogo juu ya mizani. Anangoja. Tangu utotoni alijua kwamba neno la kwanza ni la kusafishia koo tu.

Kule milimani Mbooni jambo hilo lilijulikana na wote. Mzee Nzioka akisema, "Chai sitaki," ulibaki umesimama na birika mkononi mpaka aseme, "Lete." Mulei mwenye duka la vitambaa hakumkatia kitu kabla hajamsikia akivuta pumzi ya pili, kwa sababu mita tatu zilikuwa na tabia ya kugeuka mbili mkasi ukiwa tayari umeingia. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na si mara moja aliwaambia watu wafumbe macho waombe, kisha wakishafumba akasema bado, kuna tangazo. Mwishowe washirika wakazoea kufumba jicho moja, na pasta mwenyewe akiwa mmoja wao.

Mkewe, Kalunde, aliishi na ugonjwa huo hadi ukamwingia yeye pia. Mumbua hucheka peke yake dukani akiwakumbuka wakiwa jikoni, baba kwenye kigoda chake, mama mbele ya moto, na sahani ya isyo katikati yao, yale mahindi na maharagwe ya kila siku.

"Hii isyo haina chumvi."

"Basi usile. Leta sahani nikuongeze."

"Nimeshiba. Weka, lakini kidogo."

"Siku moja nitarudi kwetu, utajipikia. Hebu sogeza mguu, maziwa yanachemka."

Angetoa nini aisikie tena jioni moja kama ile! Lakini nisiharakishe, kwa maana kuna wakati tabia hiyo haikumchekesha hata kidogo, nao ni Agosti ya mwaka wa sabini na saba, alipotaka kuolewa.

Kijana alikuwa Evanson, fundi wa magari pale Malili, ambaye watu wake, Wakikuyu, walitoka Murang'a wakahamia huko kwenye barabara kuu. Mkamba haolewi kwa barua wala kwa pete. Lazima mbuzi watatu wa ntheo waletwe nyumbani kwa baba yake, na baba awapokee mbele ya watu. Bila mbuzi hao, hata ukizaa watoto saba, wewe ni mgeni tu kwa huyo mwanamume. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa baba, au tuseme mdomoni mwake. Mumbua alimwonya Evanson kwamba akisikia hapana asisimame, na akisikia ndiyo asifurahi, angoje la pili. Evanson naye akawafundisha wakubwa wake hivyo hivyo.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, Mumbua alimfuata baba yake shambani akichuma kahawa. Alimwomba, kwa adabu yote aliyofunzwa, kwamba Jumamosi aseme neno moja tu, aliache lilivyo.

"Nitasema moja," baba akasema. Mumbua akasimama pale, akangoja. "Tutaona," baba akasema.

Alirudi nyumbani amekasirika, kikapu kitupu. Njiani ndipo alipokumbuka kwamba baba hakuzaliwa hivyo. Mwaka wa sitini na tano, ule wa njaa na unga wa manjano wa msaada, Mumbua alikuwa na miaka kumi, na baba yake alikuwa mtu wa neno moja kama wengine. Kaka yake mkubwa, Nzomo, alisimama nje asubuhi akaomba ruhusa. Kulikuwa na lori linaloshuka Mombasa, na dereva alikuwa na nafasi. Baba alikuwa anapasua kuni. Hakuinua hata kichwa.

"Nenda," akasema.

Barua moja ilikuja kutoka Mtito Andei, Nzomo akieleza kwamba amepata kazi ya kujaza petroli. Nyingine ikaja kutoka Mombasa. Kisha kimya. Baba aliteremka mara tatu kumtafuta, akiuliza gereji kwa gereji na kanisa kwa kanisa, na aliporudi mara ya tatu hakuliruhusu tena neno lolote litoke peke yake. Hakuna aliyelisema hilo pale nyumbani. Waliicheka tabia yake, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi zaidi.

Jumamosi wageni walifika na pikapu ya kuazima, mbuzi watatu nyuma wakilalamika. Alikuja Evanson na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, mama yake Wariara, na ami yake, Mzee Gicheru, ambaye ndiye msemaji. Waliomba, wakanywa chai, na Gicheru akaeleza kilichowaleta. Mumbua alikuwa jikoni, sikio kwenye dirisha.

"Huyu binti haendi mahali," baba akasema. "Kaa chini, Mzee, mbona umesimama?"

Gicheru akakaa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefunzwa vizuri, akangoja.

"Malili ni vumbi tupu," baba akaendelea. "Lakini nasikia mfereji wa maji uko."

Iliendelea hivyo saa nzima. Wakikuyu walikuwa watu wa kuuma na kunyang'anya, lakini wakulima wazuri. Fundi wa magari ni kazi chafu, ila hakosi chakula. Gicheru alistahimili sana, mpaka naye akaambukizwa. "Sisi hatuna haraka, Mzee," alisema. "Hiyo barabara yenu ya kushuka ikinyeshewa ni mbaya sana, tuko na haraka." Wariara alificha kicheko ndani ya kitambaa.

Ndipo Kalunde akaweka birika chini. "Baba Nzomo," akasema, "watu wanangoja."

Alikuwa hajamwita hivyo kwa miaka kumi na miwili. Kule jikoni Mumbua alisahau mkono wake ndani ya unga.

"Nimekubali," baba akasema.

Halafu hakusema kitu. Na hakuna aliyesogea. Gicheru alibaki na kikombe nusu ya njia kwenda mdomoni. Evanson alikuwa anaangalia sakafu. Nje mbuzi mmoja alilia, na bado hakuna aliyetoka kumshusha. Baba akawaangalia mmoja mmoja.

"Mnangoja nini?"

Aliyejibu ni Wariara, kwa vile hakujua kulikuwa na cha kuficha. "Tunangoja ile ingine, Mzee. Tuliambiwa ziko mbili."

Baba alimgeukia Kalunde, kisha akaangalia dirisha la jikoni. Mumbua aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Miaka yote ile baba alidhani tabia hiyo inajulikana nyumbani kwake tu, kumbe soko zima la Kikima, na sasa hata wageni, walikuwa wanaijua na kuizunguka. Aliitwa. Akaingia na unga wake mikononi, akapiga magoti.

Baba akasimama, akamwinua.

"Nenda," akasema.

Akavuta pumzi, na safari hii wote waliokuwa ndani wakaliogopa neno la pili, hata Gicheru.

"Urudi," akasema baba. "Krismasi urudi. Ukikosa nauli, tembea. Hapana, usitembee, njia ni ndefu, nitakuja kukuchukua. Nenda, mwanangu. Lakini urudi."

Mumbua alilia, unga wote ukaishia kwenye koti la baba yake. Gicheru alikohoa kwa heshima, akauliza polepole, "Sasa, samahani, hiyo ni ndio ama ni hapana?"

"Ni ndio," Kalunde akamjibu, akatoka nje kuwashusha mbuzi mwenyewe, na baba alikuwa bado ameushika mkono wa Mumbua, hajauachia.