Kaburi la Mguu wa Verlon

Sisi watano wa Mamlaka ya Hospitali tulipewa madaraka makubwa kutuzidi. Tuliweza kukopa, kushtaki na kushtakiwa, kuwa na muhuri wetu wenyewe, na kutwaa shamba la mtu yeyote kwa fidia ili kaunti ipate hospitali. Vichwa vikatuvimba. Hoyt, mwenyekiti wetu, muuza matrekta, alianza kutembea kama gavana.

Tukachagua kilima cha Oleta na mumewe Verlon. Verlon alitaka kuuza, maana magongo yalishamchosha kupanda mteremko ule. Oleta alikataa katakata. Alikuja kikaoni pamoja na Verlon, akiwa na kuku wa kukaanga, akatugawia, akangoja midomo yetu ijae, ndipo akatuarifu kwamba chini ya mti wake mkubwa wa pekani kuna kaburi.

Wakili wetu aliacha kutafuna. Sheria ilituruhusu kutwaa kila kitu isipokuwa kaburi, mpaka mume au mke wa aliyezikwa akubali lihamishwe.

"Kaburi la nani, Bibi Oleta?" Hoyt akauliza.

"La mguu wa Verlon."

Kwetu mguu ukikatwa hautupwi. Ule ulichukuliwa na msumeno wa kiwandani, tukauzika kwenye sanduku, mchungaji akiwepo. Mimi mwenyewe niliimba, tena kwa sauti ya juu, kwa hiyo sikuwa na la kubisha.

Verlon akajiinua kwa magongo yake. "Mguu ni wangu. Nakubali uhamishwe."

"Wewe kaa chini," mkewe akamwambia. "Maiti haipigi kura."

Wakili alifunua kitabu chake, akakuna kichwa, akakiri kwa uchungu kwamba mwenye idhini ni mke. Nilicheka mpaka kuku akanipalia. Hoyt alifura, akadai Oleta atuambie anang'ang'ania nini kwenye kilima cha mawe matupu.

Oleta hakumjali. Alimgeukia mumewe.

"Verlon, mguu umetangulia tu. Mimi nimeshachagua pangu, kando yake. Unataka watu waegeshe magari juu yetu?"

Verlon aliegemea magongo yake. "Kuna kivuli hapo?"

"Mpaka jioni."

Akakaa, akaomba paja lingine.

Basi tukapiga kura, nne kwa moja, kulitwaa shamba la Hoyt, ambalo ni tambarare na halina hata kidole kilichozikwa.