Mfuko Wenye Koo la Mgono

Bibi Luciana aliibiwa mara moja tu maishani mwake, na mara hiyo moja ilimtosha.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 1996, kwenye treni ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba. Alikuwa amepakata mfuko wake wa kitambaa, usingizi ukamwiba kidogo baada ya stesheni ya Mbingu. Alipozinduka, mfuko ulikuwa umechanwa kwa wembe, mchano mnyoofu kama umepigiwa rula, na kopo halimo. Kopo lenyewe lilikuwa la kakao, jekundu, na ndani yake hamkuwa na hata senti. Mlikuwa na tembe za kifafa za mjukuu wake Omega, za kumeza miezi mitatu.

Omega alikuwa na miaka minane. Aliishi Mlimba na mama yake, Rosa, na dawa zake zilipatikana hospitali ya Ifakara tu. Kwa kuwa Rosa alikuwa na kichanga mgongoni na shamba la mpunga la kulinda dhidi ya ndege, Bibi Luciana, aliyekaa Mlabani karibu na hospitali, ndiye aliyezichukua na kuzipeleka. Siku ile alifika Mlimba mikono mitupu. Akarudi Ifakara kwa treni iliyofuata. Muuguzi wa zamu alimwangalia usoni, hakumuuliza maswali mengi, akamwandikia nyingine. Bibi hakumsahau muuguzi yule. Lakini kwenda na kurudi kulikula wiki mbili, na katika wiki hizo mbili kifafa kilimwangusha Omega karibu na mafiga, mkono wa kushoto ukaingia motoni. Majirani walisimama mlangoni. Huku kwetu watu wengi huogopa kumgusa mtu aliyeanguka kifafa, eti povu lake litawaambukiza. Yosefina peke yake, mama muuza maandazi, ndiye aliyeruka ndani akamvuta mtoto. Mkono ulipona, ila vidole viwili vilishikana kama maharage ndani ya ganda lake.

"Mama, basi," Rosa alisema. "Umri umekwenda. Tutatafuta mtu wa kumtuma."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote mwenye nguvu."

"Mwenye nguvu za kubeba kopo la kakao?" Bibi Luciana aliuliza. "Mpaka mumpate huyo mtu, mtoto ataungua na mkono wa pili. Nitakwenda mimi. Na tembe zitafika."

Kila mtu Mlabani alikuwa na ushauri wake. Funga kwenye pindo la khanga, bibi. Weka kwenye sidiria. Weka ndani ya kapu chini ya kuku, nani atamsumbua kuku? Alichukua tembe tatu alizobakiza, akazifunga kiunoni, akatembea nazo hadi sokoni kwa majaribio. Jasho lilizilainisha, zikageuka ujiuji. Alizitupa zile tatu alizojaribia kwa uchungu, kama mtu anayezika.

Jioni moja alipita kwa jirani yake Polikarpo, mzee mvuvi, akamkuta uani anatengeneza mgono. Mgono ni mtego wa samaki wa huku bondeni. Husukwa kwa vijiti vya matete, mrefu kama shina la mgomba. Mdomoni una koo la vijiti vilivyochongwa, vyote vimeelekezwa ndani. Samaki akiingia, vijiti vinampisha. Akitaka kurudi, vinamchoma. Mvuvi humtoa kwa kufungua mkia.

Bibi Luciana alisimama pale mpaka Polikarpo akainua kichwa.

"Unatafuta kitoweo, mama Rosa? Leo mto umeninyima."

"Natafuta koo," alisema. "Nifundishe kusuka koo la mgono. Dogo. La kuingia mkono wa mtu."

Polikarpo alicheka mpaka akakohoa. "Mgono ni kazi ya wanaume. Na mkono wa mtu si kambale!"

"Mume wangu Stanislaus alikufa ameacha migono kumi na miwili juu ya dari. Nani aliikarabati miaka yote ile alipokuwa anaumwa miguu? Makoo tu ndiyo alikuwa anasuka mwenyewe. Sasa nifundishe, au nitajifunza kwa kukuharibia huo wako."

Mzee alimfundisha siku tatu. Siku ya nne alimletea matete mazuri, makavu, aliyoyachagua mwenyewe, akayaacha mlangoni bila kubisha hodi. Bibi aliyaona asubuhi akajua ni ya nani.

Mfuko ulipokamilika, kwa nje ulikuwa mfuko wa ukindu wa kawaida wa bibi yeyote anayekwenda kusalimia wajukuu. Mdomo wake ulikuwa wazi, umefunikwa kitambaa chepesi. Chini ya kitambaa, koo la mgono. Kuta za mfuko kwa ndani zilikuwa nyavu za nailoni, mshono juu ya mshono, wembe upite ukindu ukutane na nyavu. Mdomo halisi ulikuwa chini, kwenye kitako, umefungwa kwa fundo la wavuvi ambalo ukilivuta bila kulijua linazidi kukaza.

Mwezi wa saba, muuguzi yule yule alimpa tembe za miezi mitatu. Bibi Luciana alizitia kwenye kopo jingine, akaliingiza kupitia kitakoni, akakaza fundo, akapanda treni ya asubuhi.

Behewa lilijaa magunia ya mpunga na watu wake. Alipata nafasi karibu na dirisha kwa sababu mama mmoja wa Kisukuma alisogeza vibuyu vyake vya maziwa na kumvuta mkono. "Kaa hapa, mayu," alisema, na Bibi Luciana akajua anaitwa mama. Yule mwanamke alijitambulisha kwa jina la Minza. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia na ng'ombe wao upande wa Chita, na kila aliponyanyua kibuyu aliangalia kwanza kama hakitamdondokea bibi miguuni.

Walipopita Mbingu, Bibi Luciana alifumba macho. Hakusinzia. Alikuwa amesinzia mara moja, basi.

Aliusikia mkono kabla ya kuuona. Mfuko ulitikisika kidogo, kama mgono unapoguswa na samaki wa kwanza. Kisha ukavutwa. Kisha ukavutwa kwa nguvu, na mtu aliyekaa pembeni yake akavuta pumzi kwa meno.

Akafumbua macho. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano hivi, shati la mikono mirefu, amejifunika koti mapajani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko hadi juu ya kifundo. Alitulia ghafla, akaacha kuvuta. Midomo yake ikasema kwa kunong'ona, bila yeye kutaka:

"Mgono."

Bibi Luciana alimtazama vizuri. Mtu wa mjini angeendelea kuvuta mpaka achanike. Huyu alitulia kwa sababu mkono wake uliukumbuka mtego.

"Kumbe wewe ni wa hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto wa nani?"

"Bibi, niachie. Tafadhali."

"Nimekuuliza jina."

"Theodori. Wa Malinyi. Baba yangu alikuwa mvuvi. Bibi, niachie nishuke Chita, hutaniona tena."

"Sikukuona mara ya kwanza pia. Mwezi wa tatu, kopo la kakao, jekundu. Mfuko wa kitambaa cha bluu."

Kijana alitazama sakafu. Jibu lilikuwa hapo hapo, kwenye shingo yake iliyoinama.

"Nilidhani ni hela," alisema hatimaye. "Nilipofungua nikakuta dawa. Nikalitupa darajani."

Bibi Luciana alihisi hasira ikipanda mpaka masikioni. Angeweza kupiga kelele neno moja tu, mwizi, na behewa zima lingesimama. Aliwahi kuona Ifakara sokoni jambo ambalo neno hilo hufanya. Mtu yule aliyeitwa mwizi hakufika jioni. Bibi akalimeza neno lile.

Na hapo hapo, mbele yao, mwanamume mmoja mfanyabiashara wa mpunga akaruka kutoka kwenye gunia lake.

"Nimechomolewa! Pochi yangu! Kuna kibaka humu!"

Watu wakasimama. Mtu akasema milango ishikwe. Mwingine akasema, "Leo atatutambua, tutamrusha dirishani treni inakwenda." Kicheko kibaya kikapita. Mikono ikaanza kupekua mizigo, kutoka mlangoni kuelekea dirishani.

Theodori alivuta koti, akaufunika mkono ulionaswa.

"Ni wewe?" Bibi Luciana aliuliza bila kusogeza midomo.

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

"Mfuko wa kushoto."

"Idondoshe. Isukume kwa mguu."

Pochi ilianguka bila sauti, ikateleza chini ya magunia. Lakini mfanyabiashara alikuwa ameshafika kwao, na macho yake yalitua kwenye koti lililofunika mkono.

"Na huyu? Mkono wake uko wapi?"

Kabla Bibi Luciana hajajibu, Minza alivua lubega aliyojitanda begani, akaitupa juu ya mfuko na mkono na koti, akaziba vyote. Alikuwa ameona tangu mwanzo. Hakuuliza lolote. Alianza tu kupanga vibuyu vyake juu ya magoti ya watu wote watatu, kama mtu anayetafuta nafasi.

"Huyu ni mjukuu wangu," Bibi Luciana alisema. "Ananishikia mfuko. Una dawa za mtoto mgonjwa."

"Bibi, tunataka tumpekue."

"Hamtampekua."

"Kwani wewe nani?"

"Mimi ni mtu mzima ambaye hujamsalimia." Alimtazama hadi yule mwanamume akapepesa macho. "Nimekaa kwenye reli hii tangu wanaijenga. Nikisema ni mjukuu wangu, ni mjukuu wangu. Ukitaka kumrusha mtu dirishani, anza na mimi, mimi mwepesi. Lakini kwanza tazama chini ya gunia lako, baba. Pochi za siku hizi hazikai mfukoni, mnazijaza mno."

Watu wakacheka. Mtu akainama, akaiinua pochi. Mfanyabiashara aliishika, akaitia mfukoni.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba. Kaa chini, treni inayumba."

Minza alishuka Chita. Alimwachia bibi kibuyu kimoja cha maziwa na lubega yake ileile. "Mtoto mgonjwa anywe," alisema. Bibi Luciana alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na Minza akaelewa.

Kutoka Chita hadi Mlimba Theodori aliuangalia mlango. Mkono wake ulikuwa umevimba kidogo. Kila treni ilipokata kona alijikaza asivute.

"Ukinifungulia Mlimba nitakimbia," alisema mwishowe, kama anaonya.

"Kimbia. Miguu ni yako. Lakini mkono wako hautoki humu mpaka tufike mlangoni kwa Rosa. Ulitupa kopo darajani, leo utalileta lingine kwa mkono huo huo."

Wakashuka. Watu waliwaona bibi na mjukuu wake wanatembea wameshikana mfuko mmoja, na wapo waliosema, tazama, vijana wenye adabu bado wapo.

Omega alikuwa uani akichambua mchele. Alipomwona bibi yake alikimbia, kisha akamwona mgeni, akasimama, akanyoosha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na pumba.

"Shikamoo, kaka."

Theodori aliona vidole viwili vilivyoshikana. Aliviangalia kwa muda mrefu kuliko salamu inavyodai.

"Marahaba," alisema.

Bibi Luciana aliketi kwenye kigoda, akaugeuza mfuko, akafungua fundo la kitakoni. Kopo likaanguka mapajani mwake. Akalegeza koo la mgono kwa ndani, kijiti baada ya kijiti, na mkono ukatoka. Kifundo kilikuwa na duara la michomo midogo, inayotoa damu kidogo kidogo.

"Umeumizwa na nini?" Omega aliuliza.

Theodori aliuficha mkono mgongoni. Rosa alikuwa amesimama mlangoni na kichanga, akimtazama mama yake, kisha kopo, kisha kijana. Alielewa yote, na bibi alimwona anaelewa, akamkataza kwa macho asiseme.

Bibi Luciana alifungua kopo, akahesabu tembe ya siku ile, akampa Omega pamoja na maziwa ya Minza. Mtoto alimeza akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Theodori alikuwa bado amesimama. Njia ya stesheni ilikuwa wazi nyuma yake. Hakuna aliyekuwa amemshika.

Bibi alimtupia mfuko kifuani.

"Umevunja vijiti viwili ulipokuwa unavuta," alisema. "Matete yapo pale nyuma ya jiko. Kisu kwa Rosa. Baba yako si alikuwa mvuvi?"

"Alikuwa."

"Basi vitengeneze, tena vichonge vizuri. Mwezi wa kumi napanda tena treni ile ile, na sitaki mfuko wenye mapengo."

Theodori aliangalia mfuko. Kisha akaenda nyuma ya jiko kutafuta matete, na Omega akamfuata kumwonyesha yalipo.