Siku ya Tisa katika Juma la Siku Tano

Programu ya Pak Wiratmo haikuwahi kukosea. Idara nzima ya takwimu ilijua jambo hilo, kwa sababu profesa mwenyewe alilisema kila Jumatatu darasani, na wanafunzi wake wakalirudia siku zilizobaki, hasa wale ambao walikuwa bado wanasubiri saini yake. Kompyuta zilikosea. Wanafunzi walikosea, tena mno. Hata umeme wa Yogyakarta ulikuwa na siku zake. Lakini programu ya profesa? Thubutu!

Ndiyo maana Wuryani, asubuhi ya siku ya kutetea tasnifu yake, alipoona maandishi mekundu yametapakaa kwenye kioo cha kompyuta, hakufikiria hata kidogo kwamba profesa ndiye aliyekosea. Alidhani amelaaniwa.

"Umeomba namba iliyo nje ya orodha," maandishi yalisema, kisha yakanyamaza, kama karani wa serikali aliyekwishakujibu.

Alikuwa na haki ya kutetemeka. Chuoni pale mwanafunzi hupewa mihula kumi na minne, na huu ulikuwa wa kumi na nne. Wa kumi na tano ni wa kufungasha virago. Minne kati ya hiyo aliitumia kumsubiri Pak Wiratmo arudi kutoka kwenye makongamano, ambako alikuwa akieleza makala yake maarufu: kwamba bei ya mbuzi katika masoko ya Java hupanda siku ya soko iitwayo Kliwon. Makala hiyo ndiyo iliyompa uprofesa. Tasnifu ya Wuryani ilitumia data zilezile, programu ileile, na ikafika, ajabu ya Mungu, kwenye jibu lilelile. Na kule Kebumen mama yake, mjane, alikuwa ameshawaalika majirani waje kula wali wa shukrani.

"Nini tena?" aliuliza Galuh, mwenzake wa nyumba ya kupanga. Alikuwa amekaa sakafuni akipanga maboksi ya vitafunio vya watahini: lemper za wali uliofungwa majanini, risoles za kukaanga, kipande cha keki na maji ya kikombe. Hakuna sheria inayosema mtahiniwa awalishe wanaomtahini, ila hakuna pia aliyewahi kujaribu kuwanyima.

"Nimekufa, Galuh."

"Usife bado, shoga. Sijamaliza kufunga lemper."

"Jana ilikuwa inakwenda vizuri! Nimetoa mstari mmoja tu wa programu, ule wa mia mbili na kumi. Haukuwa na kazi yoyote."

Mstari wenyewe ulisema hivi: likitokea kosa, ruka, endelea. Juu yake profesa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: USIGUSE. Wuryani aliugusa kwa sababu mwenyekiti wa watahini, mama aliyeitwa Bu Roslinda, alitaka kuona programu ikiendeshwa mbele ya macho yake, na Wuryani akaona aibu kumkaribisha mgeni kwenye nyumba isiyofagiliwa.

Sasa akashuka kwenye data zenyewe. Zilikuwa rekodi za miaka mitano, siku kwa siku, za masoko mawili. Kila mstari ulikuwa na bei ya mbuzi na namba ya siku ya soko, maana juma la soko lina siku tano: Legi ya kwanza, Pahing ya pili, Pon ya tatu, Wage ya nne, Kliwon ya tano. Programu iliichukua ile namba, ikaenda kwenye orodha ya siku tano, ikachomoa jina. Kazi ya mtoto mdogo. Na kweli, soko la Kalirejeng lilipita lote bila kikohozi. Kosa lilianza mstari uleule ambapo soko la Sumberwuni lilianza.

"Nne, tano, saba, nane, tisa," Wuryani alisoma kwa sauti. "Sumberwuni yote ni namba hizi tu. Hakuna moja, hakuna mbili. Ni namba gani hizi?"

Galuh hakuinua hata kichwa. "Wage nne, Legi tano, Pon saba, Kliwon nane, Pahing tisa. Kwani wewe umezaliwa Ulaya?"

Wuryani akamtazama.

"Ni neptu, wewe! Uzito wa siku," alisema Galuh. "Mama kashakataa tarehe mbili za harusi yangu kwa hesabu hiyohiyo. Muulize usiku wa manane, atakutajia bila kufumbua macho."

Lahaula! Mtu alikuwa ameingiza uzito wa siku badala ya nafasi yake. Programu ilipokutana na Pahing ikaambiwa, nenda kwenye orodha ya siku tano, niletee ya tisa. Ingefanyaje maskini, kama si kupiga yowe? Na kwa miaka kumi na miwili, tangu profesa aiandike, kila ilipofungua mdomo, mstari wa mia mbili na kumi uliuziba kwa kiganja na kuitupa ile data.

Lakini saba, nane na tisa hazikumtisha Wuryani. Hizo angalau zilipiga kelele. Nne nayo ilikuwa Wage kwa njia zote mbili, bahati tupu. Iliyomkausha mate ni tano. Tano ya neptu ni Legi. Tano ya orodha ni Kliwon. Hiyo haikupiga kelele hata siku moja. Ilibisha hodi kwa adabu, ikavua viatu mlangoni, ikaketi mezani ikijiita Kliwon. Na Legi ndiyo siku kuu ya soko la Sumberwuni, siku wanunuzi wa mjini wanapofika na bei ya mbuzi inapopaa.

Akaitoa makala ya profesa, akasoma ukurasa wa pili. Data za Kalirejeng ziliingizwa na karani wa soko, kwa kufuata maelekezo. Data za Sumberwuni ziliingizwa na mwandishi mwenyewe, ili kuepusha makosa.

Pak Wiratmo mzaliwa wa Sumberwuni! Pak Wiratmo ambaye darasani hakuacha kusema kwamba neptu ni mambo ya bibi zao, na kwamba mwanatakwimu anayehesabu neptu ni sawa na daktari anayeogopa paka mweusi! Karani wa soko alifuata maelekezo yaliyoandikwa na profesa. Aliyeshindwa kuyafuata ni profesa.

Ilipofika saa tano Wuryani alikuwa ameshazigeuza namba zote za Sumberwuni ziwe nafasi, na kuendesha hesabu upya. Mbuzi walipanda bei Legi, siku kuu ya soko, kama anavyojua kila mchunga mbuzi. Kliwon haikuwa na lolote. Tasnifu yake ya kurasa mia moja na arobaini, yenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu, ilikuwa uongo kuanzia sura ya nne.

"Rudisha mstari," Galuh alisema.

"Ni uongo."

"Ni uongo wa profesa. Wewe umeuazima tu. Faulu kwanza, kamwone mama yako, ukweli utakuja wenyewe. Ukweli una haraka gani?"

Galuh alikuwa anasema sawasawa yale ambayo Wuryani alikuwa akijiambia mwenyewe.

Saa saba mchana aliingia chumba cha mtihani akiwa na programu mbili kwenye kompyuta: moja yenye mstari, moja isiyo nao. Watahini walikuwa watatu. Bu Roslinda wa Medan, mji ulio nje ya Java, aliyeishi Yogyakarta miaka ishirini na bado alisema kila kitu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Pak Wiratmo, msimamizi, akitabasamu. Na mhadhiri mmoja kijana, aliyeajiriwa juzijuzi, na kwa hiyo mwenye maoni yaleyale ya Pak Wiratmo.

Alieleza sura tatu za kwanza. Risoles zikapungua. Kisha Bu Roslinda akasukuma boksi lake pembeni.

"Haya, mwanangu, iendeshe niione. Karatasi huvumilia kila kitu."

Wuryani alimwona mawazoni mama yake amesimama mlangoni na mwiko, akiwaambia majirani mambo yamegeuka. Aliogopa kupita alivyowahi kuogopa maishani. Akafungua programu isiyo na mstari.

Ukuta uliomulikwa na projekta ukajaa maandishi mekundu.

"Umegusa nini?" Pak Wiratmo aliuliza. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limesahauliwa tu.

"Mstari wa mia mbili na kumi, Pak. Nimeutoa."

"Basi urudishe."

"Ukirudi, Pak, data zaidi ya elfu moja zinatupwa na hakuna anayejua."

"Mstari ule ni wa kawaida kabisa," alisema mhadhiri kijana, aliyekuwa hajawahi kuuona.

"Wuryani," Pak Wiratmo alisema polepole, "huu ni muhula wako wa ngapi?"

"Wa kumi na nne, Pak."

"Unajua unachofanya?"

"Najua. Naomba nisiurudishe."

"Hebu ngojeni," Bu Roslinda alidakia, akiinama kuelekea ukutani. "Orodha ina siku tano. Hii hapa inaomba ya tisa. Mimi mtu wa Medan, juma lenu la soko silijui, lakini kuhesabu nilifundishwa. Jamani, katika siku tano, ya tisa ni ipi?"

"Pahing," alisema Pak Wiratmo.

Lilimtoka vile mtu anavyoitika akiitwa jina lake. Profesa alibaki mdomo wazi, ukafungwa kidogokidogo, na rangi ikampanda kuanzia kwenye ukosi wa batiki yake.

"Pahing," Bu Roslinda alirudia. "Haya, na ya nane?"

Pak Wiratmo aliinamia boksi lake la vitafunio. Ila mhadhiri kijana alikuwa ameshazoea kumsaidia profesa kumaliza sentensi. "Kliwon, Bu," alisema, kisha akatamani ardhi immeze.

"Na aliyeingiza data hizi ni nani?"

Wuryani angeweza kusema. Alikuwa na hasira ya mihula minne ya kusubiri, na jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. "Imeandikwa ukurasa wa pili wa makala, Bu," alisema. Kisha akawaonyesha hesabu mpya, na Legi, na mbuzi, na Kliwon isiyo na lolote.

Walimtoa nje nusu saa. Walipomrudisha, Bu Roslinda alisoma uamuzi: amefaulu, kwa sharti kwamba sura ya nne iandikwe upya ndani ya wiki mbili, na msimamizi athibitishe kwa saini. Bila saini, hakuna shahada. Watahini wakasimama. Pak Wiratmo alitoka bila kumtazama mtu.

Galuh alipopewa habari alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani unakwenda kumwomba mtu atie saini kwamba uprofesa wake ni wa mbuzi wa Legi? Mwambie mama asiwashe moto kwanza."

Wuryani aliiandika sura kwa siku tisa. Alipofika mahali pa kueleza kosa, aliandika: data za Sumberwuni ziliingizwa kimakosa kwa neptu. Akafuta, akaandika tena yaleyale, akayaacha hivyo. Siku ya kumi alibisha mlango wa profesa, akaweka karatasi mezani, akasimama.

Pak Wiratmo alisoma zote. Alisoma na majedwali, ambayo hakuna msimamizi anayesoma. Kichwani Wuryani alikuwa anahesabu nguo zake, na basi la Kebumen linaondoka saa ngapi.

"Hapa," profesa alisema hatimaye, kidole kikiwa kwenye karatasi. "'Ziliingizwa kimakosa.' Na nani?"

"Sikuandika, Pak."

"Nimeona hukuandika. Nimekufundisha miaka saba, na unaniletea sentensi isiyo na mtendaji?"

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akachukua kalamu na kuandika pembeni ya sentensi ile, kwa mwandiko wake mzuri wa kizamani, jina lake kamili na shahada zake zote tatu, maana hata katika kukosea hakutaka kufananishwa na mtu wa kawaida. Akageuza ukurasa wa mwisho, akatia saini.

"Ipige chapa hivyo hivyo," alisema. "Usipunguze hata nukta."

Wuryani alipokea karatasi kwa mikono miwili, akainama, akatoka. Kwenye ngazi alimpigia mama yake simu, akashindwa kusema, akalia tu, na mama yake upande wa pili akaanza kumbembeleza, pole mwanangu, pole, rudi tu nyumbani. Ilibidi asubiri mama apumue ndipo amwambie kwamba amefaulu.