Mawe na Yawake

Jiwe lilitua juu ya mizani yangu, kando ya figo za kondoo, na mshale ukaruka. Mwanamke aliyeliweka hakuwa mtu wa Kiltomra, mji wetu huu wa Ireland. Alivaa koti zuri na viatu visivyoijua mvua yetu, na jiwe lake alikuwa amelivika kikofia cha sufu cha mtoto mchanga, kikuukuu, kilichogeuka rangi ya chai.

"Samahani, mama," alisema. "Naitwa Ethna Gilsenan. Nimetoka Manchester. Naitafuta nyumba lilikotoka jiwe hili."

Kisu changu cha mifupa kilikuwa hewani. Nilikishusha polepole, maana nimeuza nyama umri wangu wote bila kupoteza kidole, na sikutaka kuanza siku ile. Kikofia kilikuwa kimerudi nyuma kidogo. Ubavuni mwa jiwe niliuona msalaba uliochongwa kwa tindo.

"Akina Gilsenan hapa hatuna," nilimwambia.

"Mnao makaburini. Nimewaona." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamechoka. "Posta wameniambia nyumba yetu imezama ziwani. Kanisani wakasema imepitiwa na barabara. Mwenye baa anasema iliungua. Nyumba gani hiyo, mama, ina miguu?"

Mji wetu ni mdogo na ndimi zetu ni ndefu. Tutakueleza mke wa nani kanuna na mume wa nani kalala kwenye mtaro. Lakini kuna jambo moja ambalo kila mtu hulimeza, na mgeni huyu alikuwa analibeba mkobani akilipitisha mlango kwa mlango, akitabasamu. Nilimwonea huruma, na nilimwogopa pia. Sioni haya kulisema.

Alinieleza bila kuulizwa. Baba yake alikufa majira ya machipuko, jiwe likiwa kifuani pake, akamwachia wosia: lirudishwe kwenye meko lilikotoka, ndipo yeye apumzike. Kwao hawakurithi kitu kingine chochote kutoka Ireland, hata lugha. Walikuwa na jiwe hilo tu, na maneno machache ambayo bibi alimfundisha baba, na baba akamfundisha yeye. Kila mwaka mpya walilibusu kwa zamu, mkubwa hadi mdogo, wakiyasema.

"Go lasa na clocha," alisema, kwa matamshi ya mtu aliyekariri. "Mawe na yawake. Yaani nyumba yetu isikose moto. Ni dua nzuri, sivyo?"

Nilikifuta kisu kwenye aproni. Kengele ya mlango ililia, na Mzee Felim Drumm akaingia kuchukua soseji zake.

Felim ana mikono ya mtu aliyechimba maisha yake yote, na kweli amechimba. Alivua kofia, akanisalimu kwa jina langu, Dympna, kisha macho yake yakaangukia mizani. Soseji nilizomfungia zilianguka sakafuni. Aliutazama ule msalaba, akamtazama mwanamke, na kabla sijazunguka kaunta alikuwa amemkaba koo kwa mikono miwili na kumlaza juu ya nyama yangu. Kichwa cha Ethna kiligonga ubao. Miguu yake ilirusha ndoo ya utumbo.

"Ni ninyi!" Felim alinguruma. "Ni ninyi mliokuwa nalo!"

Nilimvuta, hakuvutika. Nilimpiga kichwani kwa mguu wa ng'ombe, hakusikia. Basi nikainua kisu cha mifupa, nikakishusha kwa nguvu zangu zote kwenye ubao, unywele mmoja kutoka kiwiko chake.

"Mwachie, Felim, au leo nitakufungia vidole vyako kama soseji, tano tano!"

Alimwachia. Ethna aliteleza chini, akikohoa, damu ya ng'ombe nyweleni na alama za vidole zikianza kuiva shingoni. Felim alisimama juu yake akihema.

"Baba yangu alipigwa risasi mezani na ndugu yake wa tumbo moja," alisema. "Waligombania mbwa. Shangazi yangu tulimtoa kisimani kwa kulabu. Mwanangu Donal alilaliwa na trekta mlangoni pangu. Nilisukuma mpaka mabega yakateguka, nikimsikia ananiita, mpaka akaacha kuniita. Nanyi huko mnafanya nini? Eti mnalivika kofia!"

"Sijui unasema nini," Ethna alisema kwa sauti iliyopasuka. "Haki ya Mungu, mama, huyu mzee simjui!"

Ikanibidi niseme mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki na maneno.

Kiairishi cha wazee wetu kina kineno kimoja, *go*, chenye kazi mbili. Kikitangulia dua, maana yake ni kuomba: mawe na yawake. Kikikaa katikati ya usemi, maana yake ni mpaka. Bibi yao aliwaachia mkia wa usemi bila kichwa chake. Thady Gilsenan, babu yao wa zamani, siku aliyofukuzwa nyumbani na mwenye ardhi, alipanga mawe mekoni kama mtu anayetaka kukoka moto, akayapiga chapa ya msalaba moja moja, akapiga magoti bila kofia, akasema: Pasiwe na heri ndani ya nyumba hii wala kwa atakayeingia, mpaka mawe haya yawake. Kisha wanawe wakayatawanya, visimani, ziwani, chini ya kuta, ili asipatikane wa kuyakusanya. Moja lilikwenda ng'ambo na mkewe.

Ethna alikuwa amekaa sakafuni kwenye maji machafu. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Tulimbusisha baba akiwa anakata roho," alisema.

"Na kikofia?" niliuliza. "Kikofia mliambiwa ni cha nini?"

"Cha kufutia vumbi."

Hapo nilimgeukia Felim, kwa sababu hasira yangu ilikuwa haijapata pa kukaa. Nilimweleza yale ambayo bibi yangu alinieleza tukichambua viazi. Waliobeba gogo la kubomolea mlango waliongozwa na Hugh Drumm, babu wa baba yake, aliyekwisha kuahidiwa nyumba. Mke wa Gilsenan alikuwa mzazi wa juzi. Alipiga kelele kwamba mtoto yuko nyuma ya mlango, penye joto la meko. Walimsikia. Wakarudi nyuma hatua chache ili wapate kasi. Mtoto alizikwa kichwa wazi, kwa sababu mama yake hakukubali kuiachia kofia.

"Kwetu husemwa nyumba ilikuwa tupu," Felim alisema.

"Kwenu husemwa hivyo, ndiyo."

Ethna aliinuka, akalichukua jiwe kutoka kwenye mizani, akakivua kile kikofia na kukishika mkononi kwa namna ambayo hakuwa amekishika hapo kwanza. Nilidhani atakimbilia kituo cha basi. Mimi ningekimbia.

"Nionyesheni nyumba," alisema.

Ilikuwa nyumba ya Felim, ile iliyopigwa lipu ya manjano mkabala na posta, yenye duka la misumari mbele. Alikuwa ameipita kila siku tangu aje. Alikuwa amenunua mwavuli mle ndani.

Jikoni kwa Felim hapakuwa na moto. Alipikia jiko la umeme lililosukumwa pembeni. Ndani ya meko kulikuwa na mawe yamepangwa vizuri, kila moja na msalaba wake. Alikuwa ameyachimbua tangu alipomzika Donal, mengine kwa kupiga mbizi ziwani na kifua chake kibovu. Juu kabisa palikuwa na pengo.

"Weka," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kuombaomba, nami sijawahi kuisikia hivyo. "Weka, mwanangu, nikoke, tumalize."

Ethna alipiga magoti mbele ya meko, lakini mkono wake haukwenda.

"Kwanza sema mlichokifanya."

"Nimeshasikia. Dympna kasema."

"Dympna si Drumm."

Ngumi za Felim zilijikunja, nami nikatia mkono kwenye aproni, nilimokuwa nimekitia kisu. Alitazama mlango, akatazama mahali sakafuni kati ya mlango na meko, ambapo kitanda cha mtoto kingewekwa na mama yeyote mwenye akili.

"Walimuua mtoto," alisema.

"Nani?"

Alipiga ukuta kwa ngumi mpaka ngozi ikachanika. Alipiga tena. Kisha akaegemeza paji la uso papo hapo alipopiga.

"Tulimuua. Tulimsikia mama yake, na tukamuua."

Ethna aliliweka jiwe kwenye pengo. Likakaa.

Felim alikoka kwa udongo mweusi wa bwawani, ule tunaouchoma badala ya kuni, vipande vikavu alivyovitunza kwa siku hiyo, akapuliza akiwa amelala kifudifudi. Moto ulishika. Kwa muda mrefu mawe yalitoa moshi tu na kulia, maana yale ya ziwani yalikuwa yamekunywa maji. Halafu moja likapasuka kwa mshindo. Kioo cha dirisha kilimwagika. La pili lilipasuka, na kigae kikamchana Felim shavu toka sikioni hadi mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshajibanza nyuma ya kabati. Yeye hakusogea. Damu ilimtiririka kidevuni, ikadondoka kwenye majivu ikichemka.

"Yamewaka?" aliuliza. "Dympna, hayo ndiyo kuwaka?"

Nilichungulia. Jiwe la juu lilikuwa jekundu. Lakini moto hukifanya kila kitu kiwe chekundu, nami ni mwuza nyama, si padri.

"Sijui, Felim."

Ethna aliinama karibu mpaka nywele zake zikaanza kunuka kuungua. Alama za vidole shingoni mwake zilikuwa zimegeuka nyeusi.

"Go lasa na clocha," alisema.

Felim alimgeukia, mkono umeshika shavu.

"Ipi?" aliuliza. "Binti, umesema ipi, ya kuomba au ya laana?"

Ethna alikikunja kile kikofia, akakitia kifuani, akaendelea kuutazama moto.