Wazima wa Februari

Judy alipofika mara ya kwanza, mwezi wa pili, alimkuta Jelimo ameshaketi sebuleni na kitambaa cha kanisa kichwani. Hakuona jinsi alivyofikishwa hapo. Wangui, mke wa mwanawe Kibiwott, ndiye aliyemwosha, akamvisha, akamkokota kutoka chumbani huku mama mkwe akiuma meno. Tangu avunjike nyonga wakati wa kuvuna mahindi, Jelimo hakuwa amevaa nguo kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibu, binti yangu. Wangui, leta chai."

Judy alitoka shirika moja lenye ofisi Bungoma. Alieleza polepole kwamba wanataka kuleta mtu wa mazoezi ya viungo, awe anazungukia nyumba za wazee wa upande huu wa Kitale. Kwanza watawauliza wazee wanaishi vipi. Mvua za mwezi wa nane zikifika watauliza tena maswali yale yale, waone kama mazoezi yamesaidia.

"Mama, kwa siku ya leo, hali yako ya kutembea ikoje? Huna shida, una shida kidogo, au una shida kubwa?"

"Bwana asifiwe. Sina shida."

"Kujiosha na kuvaa?"

"Sina shida."

Wangui akasimama mlangoni na birika. "Lakini mama, si asubuhi hii mimi ndiye..."

Jelimo alimtazama mara moja tu. Wangui akamimina chai.

"Pole, dada," Judy akasema. "Naruhusiwa kuandika jibu la mwenyewe peke yake." Akageuza ile mashine yake bapa, akaonyesha mstari uliosimama kama ngazi, sifuri chini na mia juu. "Hapa chini ni afya mbaya kabisa unayoweza kufikiria, juu ni nzuri kabisa. Leo uko wapi?"

Jelimo akacheka kidogo. "Mia ni ya kule kwa Baba mbinguni. Wewe niwekee tisini."

Hakuona kwamba amedanganya. Miaka yote ya ujane wake, mtu akimuuliza habari, alianza na shukrani. Mungu aliyemlelea watoto bila baba yao, sasa amseme vibaya mbele ya mgeni ambaye hata chai hajaonja? Na kwa kuwa ndiye aliyeongoza ushirika wa akina mama, Alhamisi hiyo aliwaambia wenzake waliokuwa wakingoja zamu zao, "Huyo msichana akija, msimwaibishe Mungu. Mtu asianze kuhesabu magonjwa kama anayehesabu kuku." Wakaitikia amina. Judy akapita nyumba kwa nyumba na kila mahali akakuta wazima.

Kisha akaja Noah, yule mtu wa mazoezi.

Noah Kiplangat alikuwa kijana mrefu mwenye viganja vipana, na hakupenda shukrani za kabla ya kazi. "Mama Kibiwott, nimesikia, Mungu ni mwema. Sasa niambie inauma wapi."

"Haiumi sana."

"Usiponiambia nitavuta mahali pasipofaa na utapiga kelele mpaka mchungaji asikie."

Alivuta. Jelimo akapiga kelele. Noah akasema, "Haya, sasa tumeanza kuongea."

Ndivyo alivyomfundisha. Kila wiki alidai ukweli wa mwili: leo ni kisu au ni moto, leo umeamka mara ngapi. Kufikia wakati wa kupalilia, Jelimo alijivisha mwenyewe. Akaanika nguo. Jumapili moja akaingia kanisani kwa fimbo na akina mama wakapiga vigelegele. Hata jirani yake, Kukhu Naliaka, yaani Nyanya Naliaka, mzee wa Kibukusu ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza, alifika mahali akaweza kuketi ukingoni mwa kitanda na kula kwa mkono wake.

Ushirikani Jelimo alisimama tena. "Nimejifunza kwamba kusema unaumwa si kumtukana Mungu. Waulizaji wakirudi, semeni kweli."

Wakasema kweli. Judy aliporudi mwezi wa nane na kuuliza kuhusu kutembea, Jelimo alijibu ana shida kidogo. Maumivu, kidogo, na usiku huzidi. Kwenye ile ngazi alitafakari kwa uaminifu wote, akaweka kidole hamsini. Alifurahi. Siku zile za Februari, moyoni mwake, hata kumi na tano angeona ni nyingi.

Baada ya wiki kadhaa Noah alikuja bila mfuko wake wa vifaa. Hakuketi.

"Wanafunga huku, mama. Mimi napelekwa kwingine."

"Kwa nini? Umekosa nini?"

"Vipimo vinaonyesha nilipoanza mlikuwa wazima, na sasa mnaumwa."

"Wewe? Si wewe ndiye umetutoa kitandani!"

"Naona hivyo pia. Lakini mimi siwezi kujishuhudia."

Jelimo hakulala vizuri. Asubuhi alivaa viatu vya safari, akashika fimbo, akateremka kwa matatu mpaka Bungoma, na kutoka stendi pikipiki ikampeleka ofisini, upande wa Kanduyi. Alipokelewa na bwana mmoja aitwaye Kinyua, mtunzaji wa majibu yote. Alimvutia kiti, akamsikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hivyo ninaomba ufute ile tisini," Jelimo akamaliza. "Uandike kumi na tano. Na ya wenzangu vilevile, maana ni mimi niliwaambia."

Kinyua akavua miwani. "Mama, ninakuamini. Lakini leo wewe unajua matokeo yamewaumiza wapi. Nikikubadilishia, hata anayetaka tu Noah abaki atakuja kubadilisha. Hapo hatutajua tena nani amesaidiwa."

"Na sasa mnajua?"

Kinyua akarudisha miwani usoni. "Kwenu, hapana. Naona sasa hatujui."

"Basi?"

"Ninachoweza ni kuandika maelezo mwishoni mwa ripoti. Kwamba majibu ya kwanza ya Kitale yalitolewa kwa heshima ya imani, yasitegemewe."

"Wenye kuamua wanasoma mpaka mwisho?"

"Wengine. Lakini hawa wameshaamua, mama. Maelezo yangu labda yatasaidia mahali pengine."

Hakuwa mtu mbaya. Jelimo angependa awe mbaya, angalau angekuwa na wa kulaumu njiani.

Alipofika Kitale hakupitia kwake. Alienda moja kwa moja kwa Kukhu Naliaka, akamkuta ameegemezwa kwenye mito.

"Huyo mtoto wangu wa mazoezi anakuja lini?" Kukhu akauliza. "Mgongo umekauka kama kuni."

Maneno matamu yalimjia Jelimo mdomoni, ya kwamba Mungu atafungua njia. Akayameza.

"Haji tena, Kukhu. Wamemwondoa. Ni kwa sababu ya yale majibu ya kwanza, na mimi ndiye niliwaambia mseme hivyo."

Kukhu akajivuta kidogo kwenye mito.

"Mimi waliniuliza kama natembea. Nikasema nikitaka natembea. Yule msichana hakuuliza kama nataka." Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Usijibebeshe yote. Nilikuwa na mdomo wangu."

"Lakini mlinisikiliza."

"Tulikusikiliza," Kukhu akakubali, wala hakulilainisha neno. Kisha akasema, "Nigeuze, basi. Upande wa dirisha."

Jelimo aliweka fimbo chini. Akapitisha mkono chini ya bega na mwingine chini ya goti, kama alivyomwona Noah akifanya, akavuta. Kukhu akaguna.

"Inauma wapi?"

"Hapo. Hapana, juu yake. Yeye alikuwa anaanza na mguu."

"Upi?"

"Sijui. Nilikuwa nafumba macho."

Jelimo akauacha ule mguu, akashika mwingine, akajaribu tena, taratibu, huku nyonga yake mwenyewe ikiwaka.